Jani Lisilokataliwa

Jumanne, 10 Desemba 1996

Barua imeondoka. Nimempa mkononi kondakta wa basi la Singida, pale kituoni Kwa Sadala. Hairudi tena.

Nimemwandikia Margareta kwamba kila kitu kiko tayari: chumba, kitanda na ruhusa ya Mzee. Apande basi na mtoto, washuke Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Chumba kipo kweli. Ni stoo ya zamani ya kahawa, nyuma ya banda la ng'ombe. Kitanda nitakitengeneza. Ruhusa ndiyo bado.

Nimemwandikia pia kwamba mimi ni msimamizi wa mifugo. Mifugo yenyewe ni ng'ombe wawili na beberu mmoja. Nawasimamia kwa kushuka tambarare, kuwakatia majani na kuyapandisha mlimani kichwani. Hapa Machame kazi hiyo ni ya wanawake. Wananicheka njiani. Na mimi nacheka nao, nionekane mwenyeji.

Jioni nimemwomba Mzee Aminieli. Amekataa, tena bila ukali. Kasema kyasaka mmoja ni mfanyakazi, lakini kyasaka mwenye mke na mtoto ni kijiji, na kihamba chake, shamba hili la nyumbani, ni cha ukoo, migomba na kahawa yake ina wenyewe. Kyasaka ndiyo sisi wote tusio Wachagga, watu wa porini. Miezi minane nimekaa hapa na jina langu ni hilo. Hanitukani. Ndivyo anavyojua kuniita.

Kwetu Singida mvua imekosa miaka miwili mfululizo. Victoria ana miaka miwili na miguu yake ni myembamba mno. Hapa maziwa yapo kila asubuhi, nayakamua mwenyewe. Nataka mwanangu anywe maziwa. Ni hilo tu.

Siku kumi na moja zimebaki. Nina akili. Zitatosha.

Jumapili, 15 Desemba

Mimi ni Mkatoliki. Leo nimekuwa Mlutheri kuanzia saa tatu mpaka saa saba.

Mpango: Mzee anione kanisani, moyo wake ulainike. Nimekaa benchi la nyuma yake na kuimba kwa nguvu nyimbo nisizozijua. Aligeuka mara tatu. Dalili njema.

Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka uwanjani: ndizi, mayai, kuku. Nikapata wazo. Nikapandisha bei ya kuku mwekundu mpaka wenzangu wakanyamaza, nikamchukua, nikampeleka nyumbani na kumkabidhi Mama Loveness, mke wa Mzee, kwa mikono miwili. Zawadi kutoka kwa muumini mwenzake!

Kumbe alikuwa kuku wake. Alimtoa sadaka asubuhi ile ile. Akaniuliza kama Mungu amemkataa. Binti yake Loveness alicheka mpaka akakaa chini. Mzee kasema ameona mengi, lakini sadaka kurudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana hajapata kuona.

Wilson ndiye hakucheka. Ni mtoto wa mwisho, mrithi wa nyumba hii, ila anauza mitumba Moshi mjini na hapa huja kula tu. Alinifuata bandani akaniambia nisijali. Yeye anatafuta nauli ya kwenda Sauzi. Kule, kasema, mtu haulizwi kabila wala alikotoka. Anafanya kazi, anaheshimiwa. Nikamwonea wivu. Atalala hapa na kuondoka alfajiri.

Jumatatu, 16 Desemba

Balaa! Beberu hayupo.

Si beberu wa hivi hivi. Ni wa Krismasi. Nimemlisha ndani miezi sita kwa mikono yangu, kwa ajili ya watoto wa Mzee watakaotoka Dar es Salaam. Zizi liko wazi. Hata kamba yake nyekundu haipo, ile niliyoisuka mwenyewe na kuimalizia kwa uzi wa bluu baada ya mwekundu kuniishia. Mzee aliisifu sana kamba ile.

Kila mtu ameuliza swali moja: nani humlisha? Halafu wakanitazama.

Mchana akaja Eliakim, balozi wa nyumba kumi, mwenye duka hapo kona. Siku zote husema watu wa porini hawajui mpaka wa chao na cha mwenzao. Aliingia stoo na wanaume wawili. Akafungua begi langu. Mlikuwa na shati, Biblia na gauni la njano la mtoto, nililomnunulia Victoria mitumbani. Akaliinua kwa ncha ya fimbo. Akauliza nimelianua kwenye kamba ya nani. Nikasema nina binti. Akauliza tangu lini.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nimeumia, na siandiki hili kwa mzaha. Baada ya wao kutoka nililifua gauni lile mara mbili.

Eliakim kanipa mpaka Ijumaa niseme mbuzi yuko wapi. Nisiposema, polisi.

Jumatano, 18 Desemba

Wazo! Nashangaa sikulipata mapema.

Mwezi uliopita, ndugu wawili ng'ambo ya mfereji walipatana. Walikuwa hawasalimiani mwaka wa nne, kisa zamu ya maji. Siku hiyo mdogo alikata jani la isale kwenye ua, akalifunga fundo, akampelekea kaka yake. Kaka alikuwa ameapa kutomsalimia tena. Alipoliona jani akalipokea, akalia, jioni wakanywa mbege pamoja. Nilikuwa napita na mzigo wangu wa majani, nikaona yote.

Jani! Tena linaota kwenye kila mpaka wa shamba, bure!

Asubuhi Loveness alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda, ni kweli isale halikataliwi? Kasema ni kweli. Hata aliyeuliwa ndugu yake halikatai, maana akilikataa, laana inakuwa juu ya nyumba yake. Akauliza kwa nini nataka kujua. Nikasema najifunza mila. Akaacha kisu, akanitazama kwa muda. Kisha akasema kwa upole kwamba ni vizuri, Thadeus, ni vizuri kama umelifikiria jambo hilo mwenyewe.

Ona! Hata yeye anataka Margareta aje. Sikuuliza zaidi. Nilichotaka nilikuwa nimeshakipata.

Alhamisi, 19 Desemba

Niandike taratibu.

Saa kumi Mzee alikuwa amekaa uani na wazee wanne. Eliakim alikuwapo. Nilivaa shati langu la begini. Nikapita katikati yao, nikapiga goti, nikasema shikamooni, nikamnyooshea Mzee jani la isale lenye fundo. Nilikuwa nimeandaa hotuba: nina ombi moja, Baba.

Sikufika hata kwenye ombi. Mama Loveness alitoka jikoni akajifunika mdomo kwa kanga. Mzee alilipokea jani kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa na machozi. Eliakim akapiga paja lake na kusema si aliwaambia?

Mzee mmoja akaniuliza mbuzi nimemuuza wapi. Nikauliza mbuzi gani? Akaniambia nisiharibu, jani limeshasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Isale si jani la kuomba kitu. Ni jani la aliyekosa! Nimetembea kwa miguu yangu, nimevaa shati safi, nikakiri wizi mbele ya balozi.

Nilifungua mdomo kukana. Mzee akanitangulia. Alisema aliyeleta isale amesamehewa, polisi hawataitwa, na asisikie mtu akilitaja jambo hili kwa hasira. Kasema miezi minane alikuwa hajui moyo wangu, sasa ameuona. Halafu akaniuliza nina shida gani iliyonifikisha kwenye wizi.

Nikakaa kimya. Nahesabu kwamba nilikaa kimya muda wa Baba Yetu moja. Nikisema mimi si mwizi, nalirudisha jani, na kesho ni Ijumaa ya Eliakim. Nikinyamaza...

Nikasema nina mke na mtoto, na kwetu kuna njaa.

Mzee kasema waje.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimetengeneza kitanda. Kina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea jiwe.

Jambo la ajabu. Miezi minane sikuiba hata ndizi, na njiani hakuna aliyejua jina langu. Leo nimepita njiani na kuku wameitwa ndani, kweli, lakini watu wawili wamenisalimu kwa jina. Thadeus! Mwanamke mmoja kaniambia na kwao kulikuwa na kijana kama mimi, akabadilika. Nikamshukuru. Ningesema nini?

Jumamosi, 21 Desemba

Wamefika! Victoria hakunikumbuka. Alilia nilipombeba, kisha akalala begani. Ni mwepesi kuliko mzigo wangu wa majani. Nilimpandisha mlima wote na sikutaka kumtua.

Margareta alikuwa anatazama migomba na maji yanayokimbia kwenye mfereji, anarudia kusema kumbe ni kweli, Thadeus, kumbe ni kweli. Alidhani barua zangu nazitia chumvi. Mimi!

Dukani kwa Eliakim watu walisimama kututazama na kusemezana kwa Kichagga. Margareta aliniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanasema karibu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mzee alinunua beberu mwingine. Watoto wa Dar wamekuja na magari mawili. Tumekula hata sisi.

Wilson naye alikuja, ana viatu vipya. Amepata nauli ya Sauzi, ataondoka keshokutwa alfajiri. Alitua begi kubwa uani. Zipu imeharibika, kwa hiyo amelifunga kwa kamba. Kamba nyekundu. Mwishoni ina uzi wa bluu.

Niliiangalia mpaka nyama ikapoa mkononi. Nilipoinua macho nikakuta Mzee naye anaiangalia.

Aliinama mwenyewe, na mgongo wake unamsumbua. Akaifungua pole pole, akaizungushia mkononi, akaiweka mfuko wa koti. Akamwambia Loveness amtafutie ndugu yake kamba nyingine. Wilson aligeuka akatazama migomba. Kisha Mzee akasema kwa sauti, wageni wote wasikie, kwamba kuanzia kesho Victoria apewe kikombe cha maziwa kila asubuhi, kutoka kwa ng'ombe wake mwenyewe. Mimi hakunitazama.

Nilitaka kufurahi. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo, kikombe kile. Sijui kwa nini niliirudisha nyama sahanini.

Jumamosi, 28 Desemba

Margareta amejua. Jana alishuka tambarare kukata majani na wanawake. Yeye hawamcheki. Walimwambia kwa huruma kwamba mume wake alitubu vizuri.

Leo kaniuliza mara moja tu, niliiba? Nikamweleza yote, jani, Ijumaa, kamba. Akauliza kwa nini nilinyamaza. Nikasema kwa ajili yenu. Hakunigombeza. Alisema leo watoto wa jirani wamemwita Victoria mtoto wa mwizi, na Victoria amegeuka akawakimbilia, anacheka. Anadhani ni jina lake.

Nimetoka nje nikakaa nyuma ya banda, nikalia.

Basi nimeamua. Kesho baada ya ibada wazee watakaa tena uani. Nitasema ukweli mbele ya wote. Wilson simtaji. Ameshaondoka jana alfajiri, na Mzee ameshaumia vya kutosha. Nitasema tu kwamba sikuiba, kwamba niliwadanganya kwa kunyamaza, na kwa kosa hilo naomba radhi. Mimi si mtu wa porini tena. Najua hapa mtu anaombaje radhi.

Nimekata isale. Nimelifunga fundo zuri kuliko lile la kwanza.

Nikiwa bado nimelishika, Eliakim amepita mbio mbio, jasho linamtoka. Ndama wake jike ametoweka tangu jana alfajiri. Aliuliza kama nimemwona. Nikampa pole kwa moyo wangu wote. Akalitazama jani mkononi mwangu, akanitazama mimi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho baada ya ibada yote yatakuwa wazi mbele ya wazee.

Kasema atakuwapo, na atakuja na watu. Vizuri sana! Wakiwa wengi ndiyo bora, kila mmoja atasikia kwa masikio yake. Margareta amelala. Anauliza usingizini kama nina hakika na jani hilo. Nimemwambia alale, jani hili halikataliwi.