Dakika Kumi za Angani

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Obeid tena! Tangu arudi Makka, jirani yangu wa duka hapa mtaa wa Asiatique haitwi jina lake. Hadji! Hadji, kaa mbele. Hadji, chai yako. Hata mke wangu Ghanima, Hadji, Hadji. Mimi Tamim, muuza vitambaa tangu enzi za baba, nasogezewa kigoda. Basi leo nimeingia tombola, bahati nasibu ya kampuni moja ya ng'ambo. Mshindi anarushwa angani bure, anaona dunia ilivyo mviringo, anashuka. Yote dakika kumi. Tutaona chai itaanzia kwa nani.

Jumatano, 5 Novemba
Nimewaambia watu. Kosa! Ghanima akauliza nitamletea zawadi gani. Nikasema huko hakuna maduka. Akasema mi sijaona safari ya hivyo, mutu anarudi bila hata tende. Kisha akaanza na Rumonge yake. Miaka anataka nimpeleke kwa mama yake. Nafasi sina! Obeid naye, mbele ya wateja wangu, eti kwetu essence, mafuta ya gari ya kufika tu Bugarama pale mlimani, ni foleni, wenzetu wanaichoma wakachungulie chini. Wateja wakacheka. Wateja wangu!

Ijumaa, 7 Novemba
Nimefanya dua ya safari mapema, watu wazoee. Mbuzi, pilau, nyumba imejaa. Nikamwomba Sheikh Massoudi atamke hadharani kwamba msafiri wa angani anafupisha swala. Kilomita mia, jamani! Sheikh akatafuna taratibu. Akasema umbali upo, ila mutu anarudi palepale alipotoka, wakati wa swala haujaingia. Atafupisha swala gani? Hiyo apana safari, ni kupanda ngazi na kushuka. Obeid akacheka mpaka akapaliwa na pilau yangu. Maji nilimpa mwenyewe, mjinga mimi.

Jumapili, 9 Novemba
Obeid kasema aliye tayari kwa anga aende kwanza Bugarama bila kutapika. Mtaa mzima unajua mambo yangu na zile kona! Fundi Abdu, jirani yetu wa magari, akapata essence, sijui wapi, akatupakia. Nilifumba macho, nikasoma kila dua ninayoijua. Kona ya tatu. Kwenye kanzu ya Obeid, ile ya Makka. Aibu! Lakini siyo sana.
Nyumbani Ghanima akanipaka maji baridi shingoni. Akasema barabara ya Rumonge imenyooka, inafuata ziwa tu. Nilimwonea huruma, wallahi. Nikasema nitafikiria.

Jumatano, 12 Novemba
Sikushinda. Alhamdulillah! Sheikh alisema kweli, dakika kumi ni upuuzi, hata viatu hujazoea. Kosa lilikuwa ufupi. Sasa mwezini! Siku kadhaa kwenda, siku kadhaa kurudi. Swala itafupishwa, Sheikh atake asitake. Nimeshaandikia kampuni nyingine. Nikamwita Ghanima aanze pilau ya kuagana. Jikoni hayupo. Fundi Abdu kaniambia amekwenda Rumonge kwa mama yake, ndani ya gari la Hadji na mkewe.
Hadji! Hata Abdu anamwita hivyo!
Haya. Ghanima akirudi atamkuta uani mbuzi wa kuniaga.