Bateau Yenye Kula Sambaza

Siku Maman Emérence aliposhusha moteur mpya ya mtumbwi ufukoni Nguba, kando ya ziwa, Ingénieur Marcellin alikuwepo, na akaipenda ile moteur kuliko alivyowahi kupenda mtu. Uingénieur wake, tuseme ukweli, alijipa mwenyewe siku aliponunua jeep kuukuu. Masomo yanachosha.

Maman aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na wezi wa nyavu walikuwa wanamkondesha. Marcellin akamsogelea.

"Maman, kule Ulaya sasa wanajenga meli za vita bila capitaine. Miye niko na startup. Lundi mawazo, mardi mbao, mercredi ulinzi: siku tatu tu! Bateau yangu inajiongoza, inaona mwizi ku kilomètre kumi. Inakosa tu moteur ya nguvu."

"Haina mutu ndani?"

"Hata mumoja! Mutu analala, mutu analewa. Hii haijue hata njaa."

Kesho yake chombo kikazinduliwa na moteur ndogo ya kukodi: mtumbwi wenye rangi ya jeshi, antena ya televisheni mbele, bâche ya turubai nyuma. Chini ya bâche alijikunja Akonkwa, mvuvi aliyeahidiwa utajiri na asiyepewa hata chai.

Kwetu mtu hatumwi ziwani na njaa. Maman akaweka sufuria ya bugali na sambaza karibu na bâche.

"Ni desturi tu," akasema.

Chombo kikazunguka ghuba yote, watu wakapiga makofi. Kiliporudi, Maman akafunua sufuria. Ilikuwa imelambwa.

"Ingénieur, machine yako inapenda pilipili?"

"Ndege, Maman. Ndege wa huku hawana adabu."

"Aksanti, nimeamini kabisa. Kesho funga moteur yangu. Lakini uniachie jeep na papiers yake. Bateau ikipotea, jeep iko yangu."

Jeep yenyewe iliwaka kwa kusukumwa, na mnunuzi wa ile moteur ya Maman alikuwa anangoja kisiwani Idjwi. Marcellin akasaini huku anatabasamu. Wee, raha iliyoje kushughulika na mama mjinga!

Asubuhi Maman akaweka sufuria tena. Chombo kikaondoka, kikapotea kabisa. Marcellin akalia machozi ya kupendeza, akatoa ufunguo wa jeep, kisha akakimbilia Idjwi. Akangoja siku tatu. Akonkwa hakufika.

Aliporudi Nguba, akamkuta Akonkwa kwenye mtumbwi wa Maman, moteur ileile nyuma, kofia ya capitaine kichwani, anatafuna sambaza. Chini ya bugali ya ile asubuhi ya pili Maman alikuwa ameficha kikaratasi: *Papa wa ndani ya bâche, huyu hakupatie chakula. Kwangu utakula kila siku.*

"Mwizi!" Marcellin akapiga kelele. "Huyu njo alikuwa ndani ya bateau yangu!"

Wavuvi wote wakageuka na kafi zao mikononi.

"Ndani?" Maman akauliza. "Si uliapa haina mutu? Ao ulitaka kuniibia?"

Marcellin akazitazama zile kafi.

"Hakuna mutu," akasema.

"Basi nani alikuibia?"

"Hakuna mutu, Maman."

Akageuka aende zake kwa miguu.

"Ingénieur, ngoja kwanza!" Maman alikuwa ameshakaa ndani ya jeep. "Imekatala kuwaka. Kuya usukume."

Akasukuma.