Nipe Mji

Tangazo lilitoka Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la taka, kwa sababu ndilo gari pekee la halmashauri lililokuwa likiwaka. Lilisema hivi: kuanzia leo, hakuna kiumbe atakayegombea umeya wa mji huu kabla hajapimwa na Kamati ya Kudumu ya Muda ya Upimaji wa Ukweli wa Wagombea.

Aliyelisoma ni Katibu wa Kamati. Alikuwa mtu wa heshima zake: alikuwa na kiti cha ofisini kinachozunguka, na dada aliyeolewa na Mstahiki Meya. La kwanza lilitokana na la pili, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kuwa na dada.

"Shemeji," Meya alikuwa amemwambia, "nikishinda, kiti hicho ni chako mpaka kioze. Nikishindwa, utazunguka wewe, si kiti."

Tatizo lilikuwa fundi cherehani wa sokoni, mama mmoja waliyempa jina la Si Leo. Mafundi wote unawajua: ukiuliza nguo yako, "njoo kesho", na kesho hiyo haijazaliwa bado. Yeye husema, "Si leo. Njoo Alhamisi." Alhamisi ukifika, nguo imeshapigwa pasi. Mwanzoni watu walidhani anaumwa. Baadaye wakaanza kunong'ona: huyu tukimpa mji, je? Naye akachukua fomu ya kugombea.

Katibu mwenyewe alimpelekea kitambaa cha suti yake, ya kuvaa siku Meya atakapoapishwa tena. Si Leo alikipapasa, akampima mabega.

"Itakuwa tayari Alhamisi ya baada ya uchaguzi. Itakukaa vizuri. Pa kuivaa kama utakuwa napo, hilo sijui."

Katibu akaona mwanamke huyo anahitaji kupimwa haraka.

Siku ya kupima, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kipimo kilikuwa cha kitaalamu. Mgombea aliulizwa, "Je, wewe ni mkweli?" Akijibu ndiyo, amefaulu.

"Ndiyo, tena sana," alijibu Meya. Kamati ikamwongezea alama kwa ile "tena sana".

Si Leo alikuna kichwa kidogo. "Mara nyingi. Juzi jirani kaniuliza kama mwanawe anajua kuimba, nikasema anajua."

"Unakiri kwamba ulidanganya?"

"Nakiri. Yule mtoto anaimba kama mlango usiotiwa mafuta."

Wajumbe walisikitika kwa niaba ya taifa, wakamfuta. Kanuni ya Nne, aliyoitunga Katibu kwa mkono wake, ilikuwa wazi: mgombea atakayebainika kusema uongo, uwe wa dhati au wa mchezo, amepoteza sifa.

Lilibaki swali moja la mwananchi, kwa ajili ya uwazi. Ili uwazi usiende kombo, Katibu alikuwa amempa swali hilo mama yake mzazi, na kumkaririsha wiki nzima: "Mkwe wangu, siri ya uadilifu wako ni nini?"

Mama alisimama, mkoba mkononi, akakipuliza kipaza sauti.

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi mzima ukaitikia. Hata Meya. Neno hilo likirushwa, mdomo haungoji ruhusa.

"Mama!" Katibu alinong'ona. "Si hilo swali!"

"Lile lilikuwa lako, mwanangu. Nikilisema kama langu, si nitakuwa nimeidanganya Kamati?"

Wajumbe walitikisa vichwa kukubali. Hoja ilikuwa ya kikanuni.

"Nina mgeni," mama akatega. "Akichelewa, wote wanamuulizia. Akipiga hodi, mwenye nyumba anazima taa."

"Msoma mita ya maji?" Meya alijaribu.

"Mama mkwe!" mtu akadakia kutoka nyuma, watu wakavunjika mbavu.

"Umeshindwa, mkwe wangu. Nipe mji."

Kila aliyewahi kuwa mtoto anajua: ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji, ndipo akupe jibu. Watoto hutoa miji ya mbali. Lakini Meya alikuwa mbele ya wapiga kura, ameshika kipaza sauti, na katika hali hiyo hakuwahi kutoa kitu kidogo.

"Mama, nakupa mji huu huu! Na soko lake, na stendi yake, na ofisi yangu!"

Makofi yakalia.

"Nimeupokea. Jibu ni ukweli." Mama akaufungua mkoba, akaunyoosha mbele. "Sasa tia funguo za ofisi humu."

"Mama nawe! Si mchezo tu ule?"

"Kwa hiyo hukunipa?"

"Mji unatolewaje, mama?"

"Basi umedanganya. Katibu, Kanuni ya Nne inasemaje?"

Katibu alihisi kiti kinazunguka chenyewe. "Uwe wa dhati..."

"Malizia, mwanangu."

"...au wa mchezo."

"Shemeji, fanya kitu!" Meya alimminya mkono.

Katibu akafanya kitu. "Mstahiki, ukisema hukumpa, umefutwa. Ukisema umempa, umefaulu."

"Basi nimempa! Mji ni wake!"

Kamati ikampigia muhuri: mkweli wa daraja la kwanza. Alikuwa ameshateremka jukwaani, anapunga cheti, ndipo akakumbuka kwamba hana mji.

"Mimi meno ya kutafuna mji sina," alisema mama. "Kamati naivunja. Si Leo arudishwe, na mkwe wangu naye asimame, watu wachague." Akamgeukia mwanawe, sauti ikashuka. "Fundi akikudanganya, mwanangu, unakaa uchi siku moja, peke yako. Kiongozi akidanganya, tunakaa uchi mji mzima, na bado tunapiga makofi."

Watu wakachagua.

Alhamisi ya baada ya uchaguzi, Katibu alikwenda kuchukua suti. Meya mpya alikuwa kwenye cherehani yake, anamalizia kazi za watu kabla ya kuapishwa.

"Mheshimiwa," alianza Katibu, "kile kiti changu... nitaendelea nacho?"

Alijiandaa kusikia "tutaliangalia". Alijiandaa kusikia "liko mezani". Hata "njoo kesho" ingemtosha. Angerudi kesho maisha yake yote.

Si Leo alikata uzi kwa meno.

"Hapana," akasema. "Suti yako hiyo hapo."

Aliijaribu mbele ya kioo. Ilimkaa vizuri, vilevile kama alivyoambiwa.