Karatasi Mbele ya Rejeta

Jumatatu, 4 Mei

Injini mpya imeingia kwenye gari langu. Wiki tatu za kazi, hapa uani kwetu Ganshoren, huku ughaibuni. Aliyeiingiza ni Modeste, jirani wa ghorofa ya chini, na sasa parokia nzima inamwita Ingénieur, yaani mhandisi. Ingénieur! Mtu aliyeendesha malori ya bia kule Bukavu hadi umri wa miaka arobaini! Mimi nilifundisha fizikia miaka ishirini na miwili, na bado naitwa Papa Élisée tu. Sina wivu. Naandika ukweli ulivyo.

Jumamosi Jémima anaolewa. Ni mtoto wangu wa ubatizo. Tangu akiwa na miaka saba nimemwahidi kwamba ataenda kanisani ndani ya gari hili, mimi kwenye usukani. Imebaki feni tu.

Nieleze. Injini ya zamani ilikuwa na feni yake usoni, ikizungushwa na mkanda. Hii mpya imetoka kwenye gari la aina nyingine, haina mahali pa kuifunga. Kwa hiyo inatakiwa feni ya umeme, ikae kati ya rejeta, kile kipoza maji cha mbele, na injini, ianze kuzunguka mara gari linapowashwa. Nyaya mbili, basi. Modeste amesema atakuja kuifunga kesho jioni akitoka kazini.

Atakuta imefungwa.

Jumanne, 5 Mei

Nimefunga mwenyewe! Asubuhi nzima. Vidole viwili vimechubuka. Goti liligoma kunyooka, ikabidi mke wangu Rolande anivute kwa mikono miwili. Lakini feni inazunguka! Waya mmoja ni wa buluu, mwingine mweusi, na hakuna maelezo. Nikafikiri kisayansi. Feni ni duara, na duara halina mbele wala nyuma. Nikaunganisha.

Jioni akaja Modeste na sanduku lake la vifaa. Nilimpokea kama mkaguzi anavyopokea mwalimu mpya, nikamwambia kazi imekwisha. Akachukua karatasi ya nyimbo za kwaya, akaishika mbele ya rejeta, akaiachia. Ikaruka hadi kwenye mapipa ya takataka. Nguvu iliyoje! Nikapiga makofi.

Yeye akajikuna kisogo. Akasema, bon, Papa Élisée, hii ventilateur iko natupa hewa inje, ile karatasi ilipashwa kukamata hapa ku rejeta. Akaomba abadilishe zile nyaya, dakika tano tu.

Nilijua! Dakika tano, halafu Jumapili wote wataimba kwamba Ingénieur ameokoa feni. Nikamweleza kwa upole mwendo wa hewa, kuanzia mwanzo kabisa. Dakika arobaini. Alisikiliza akiwa amesimama. Mwishoni akasema merci papa, kwa sauti ya mtu anayemwambia mgonjwa kwamba leo uso wako una nuru.

Jumatano, 6 Mei

Cécile, mama wa Jémima, amepita kunisalimu. Salamu zenyewe fupi. Modeste hajasema neno baya, alisisitiza, ila amemshauri kwamba bibi arusi apande gari lake yeye, kwa usalama.

Gari la Modeste! Kile kigari chekundu ambacho mkewe hubebea makayabu za kuuza! Nikamjibu kwa subira kwamba bibi arusi hapaswi kunuka samaki wa chumvi. Cécile akasema akinuka ataoshwa, alors akikwama njiani nitamwosha na nini?

Tumefikia mapatano. Ijumaa nikimleta salama Maman Mauwa, bibi yake Jémima, kutoka stesheni ya Gare du Nord, gari la arusi ni langu. Nisipofanikiwa, ni makayabu.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeosha gari. Nikachungulia dirishani: Modeste naye anaosha lake. Nimeosha tena.

Ijumaa, 8 Mei

Ushindi! Foleni kwenda, foleni kurudi, mwendo wa kobe mzee, na sindano ya joto haikuvuka katikati. Maman Mauwa alikaa nyuma kama malkia. Akasifu injini ilivyo kimya. Nikaanza kumweleza kuhusu feni. Akanikatiza: hii kazi ni ya ule Ingénieur, hein? Akamwombea Modeste baraka kuanzia stesheni hadi mlangoni. Kwa majina ya watoto wake wote.

Hata hivyo, Cécile ametimiza ahadi. Bibi arusi ni wangu!

Jumamosi, 9 Mei

Kanisa liko Auderghem, upande wa pili wa mji. Ndani ya mji kuna foleni, nikachagua barabara ya kuzunguka, ya mwendo wa kasi. Utepe mweupe juu ya boneti. Jémima nyuma, gauni limejaza kiti chote. Modeste na kigari chake nyuma yetu, akifuata kama shemasi.

Dakika sita za kasi, sindano ikapanda. Sikuhangaika. Fizikia ina jibu: ukifungulia hita ya ndani, joto linatoka kwenye injini na kuingia kwa abiria. Nikafungulia yote. Nikamweleza Jémima kanuni yenyewe. Akasema, tonton, kope zangu ziko naanguka. Kweli, moja ya zile za kubandika ilikuwa shavuni tayari. Nikamwambia avumilie, kanuni inafanya kazi.

Mvuke ukafunika kioo. Nikaingia kituo cha mafuta, nikazima.

Modeste alishuka bila kukimbia. Hakucheka. Ningependa angecheka, ningekuwa na la kumlaumu. Akasema, papa, upepo wa barabara uko nataka kuingia, ventilateur yako iko naufukuza: watu wawili mu mulango moja. Kisha akaweka funguo za kigari chake mkononi mwangu. Akasema, mupeleke mutoto, ni wewe ulimuahidia. Miye nabaki na hii.

Nikampeleka. Magoti yangu yakigusa usukani, Jémima akijipepea kwa karatasi ya kwaya. Tulifika dakika kumi kabla ya misa. Watu mlangoni wakaona gari jekundu, wakalipuka kwa vigelegele: Ingénieur! Ingénieur! Nikashuka mimi. Vigelegele vikapungua. Jémima akanishika mkono kwa nguvu na kusema mbele ya wote kwamba tonton ametimiza neno lake. Macho yangu yaliloa. Ni ile hita.

Wakati wa matoleo nikasikia gari langu likiegeshwa nje. Kimya. Bila mvuke.

Jumapili, 10 Mei

Baada ya misa padri amemshukuru Modeste. Makofi. Rolande amenitia kiwiko ubavuni: na wewe kamshukuru. Nimesema nitafanya hivyo, kila jambo na wakati wake.

Kwanza nilitaka kuchunguza. Nimefungua boneti. Kama nilivyodhani! Nyaya zimebadilishwa: wa buluu mahali pa mweusi. Nimeweka karatasi mbele ya rejeta. Ikang'ang'ania pale kama stempu. Haitikisiki hata kidogo. Hiyo ndiyo nguvu? Feni imekuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kurusha karatasi!

Sasa naelewa yote. Injini ilichemka jana kwa sababu ya uzito wa gauni, na ilipopumzika kituoni ikapoa yenyewe. Modeste aliikuta imepoa, akachezea nyaya ili aonekane.

Nimezirudisha kama nilivyozifunga. Nimejaribu tena. Karatasi imeruka hadi kwenye mapipa! Mbali kuliko Jumanne!

Jémima na mumewe wanakwenda fungate Ostende kesho. Nimewaambia wasihangaike na treni. Nitawapeleka mimi. Barabara ni nzuri, ya kasi tupu, hadi baharini.