Ombi la Kumfuta Suad Uanachama

Stratford, London

Kwa Katibu,
Chama cha Matabibu wa Osteopathi

Ndugu Katibu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na mgongo wako umenyooka kama inavyostahili cheo chako. Mimi ni Bi Zahra, mama yake Suad, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa hiyo tiba yenu ya kunyoosha maungo kwa mikono. Mmemwandikisha kuwa mwanachama mwanafunzi bila kutuuliza sisi wazee wake. Barua hii atakufasiria Suad mwenyewe, kwa kuwa nyumbani hakuna mwingine wa kazi hiyo, na nimemwapisha asipunguze neno.

Naomba kwa heshima zote mumfute. Sababu zangu ni hizi.

1. Kwetu sisi Wapemba, mtoto akisomea kitu, kimesomewa na ukoo mzima. Mpwa wangu Akil aliposomea umeme, hakuna jamaa aliyeita fundi mwingine tena. Kwa hiyo Suad alipoingia chuo, mimi nilikwisha kuwaahidi watu migongo yao, harusini na hata matangani. Sasa kila nikimletea mgonjwa anasema mwanafunzi hatibu nje ya kliniki, na hata huko lazima mwalimu asimamie. Nikajitolea kusimamia mimi. Akanijibu, “Mum, I'm not insured.” Bima ya kumkanda shangazi yake, Ndugu Katibu?

2. Siku ya Idi, ami yake Talib alilala kifudifudi juu ya zulia langu mbele ya wakwe zake, akangoja. Suad hakumgusa. Alichuchumaa kando yake, akaanza kumuuliza kama haja ndogo inatoka vizuri na kama miguu inakufa ganzi. Wakwe waliacha biriani. Ami Talib tangu siku ile hapokei simu zangu.

3. Kijana Malek aliletwa na mama yake kuposa. Kabla hajalifikia kochi, Suad alikwisha kumtazama anavyotembea, akamwambia nyonga yake moja iko juu kuliko ya pili. Kijana alikuja kutafuta mke, akaondoka na anwani ya kliniki. Mama yake bado ananiuliza kama posa imekubaliwa au imepewa rufaa.

4. Kwa kuwa ahadi nilikwisha kuzitoa, ikabidi watu niwakande mwenyewe, hapo sebuleni, nimevaa koti jeupe la Suad ili waniamini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika Bi Miska, ambaye Mungu amemjaalia mwili. Nilipomgeuza tu, kiuno changu kikanikamata. Nikamwita mwanangu anikande. Akaniletea chupa ya maji ya moto, akanifunika blanketi, akasema niende kliniki. Ndugu Katibu, mtoto huyu alipokuwa mchanga nilimkanda mimi kwa mafuta ya nazi kila jioni mpaka shingo yake ikakaza. Sikuwa na bima wala sikuwa mwanachama wa chochote. Iliniuma sana, na sisemi kiuno.

Basi mfuteni, anirudie akiwa mtoto wangu tu. Mkishindwa, tupeni uanachama wa ukoo. Picha za kadi tutaleta wote. Na hilo likiwa zito, fungueni tawi sebuleni kwangu. Zulia lipo, wagonjwa wapo, na mwalimu wa kusimamia nitampikia.

Nisalimie wanachama wote, wakubwa kwa wanafunzi, na jamaa zako wa nyumbani, na wazee wako kama wangali hai. Waambie wasibebe vitu vizito.

Mimi mwenye maumivu,
Bi Zahra, mama Suad

Nyongeza: Suad aliisoma barua hii, akaniomba nisiitume kwanza, niende kwenye kliniki yao ya wanafunzi. Nimekwenda. Huko nako hawakumruhusu kumtibu mama yake. Nikapewa mwenzake, Nishma, mtoto wa Kihindi wa mtaa wa Kenton, mikono ya baridi lakini ana adabu. Suad naye akapewa bibi yake Nishma, mzaliwa wa Kisumu, nyuma ya pazia lililotutenganisha. Bibi wa watu alikuwa na hofu, hataki kuguswa. Basi nikamsikia mwanangu, ambaye tangu aanze shule nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, akimwambia kwa Kiswahili chetu, polepole, “Usiogope, bibi. Vuta pumzi. Mimi nipo.” Nishma akaniuliza kama ameniumiza, maana nilikuwa nalia. Nikamwambia hapana, aendelee, ila asipige kelele nisikie. Msimfute, Ndugu Katibu.