Mashine ya Ngoma Yenye Taa za Rangi Tatu

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Delphin ameniacha. Mpiga ngoma wangu wa miaka yote! Amepata kazi kwenye kituo cha umeme cha Bendera. Asubuhi amepanda lori, ngoma zake zimefungwa juu kama mbuzi. Alitaka kunikumbatia. Nimemkumbatia kwa mkono mmoja tu, ajue.

Na Jumamosi napiga kwenye terasi ya Papa Florent, baa yake ya nje karibu na ziwa. Ni jaribio. Anataka mwanamuziki wa kila Jumamosi, na nafasi ni moja: mimi na gitaa langu, au Glody na kinanda chake. Glody! Mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Laure, mke wangu, amesema ataimba nami, na kama shida ni ngoma, atagonga kitu. Nimemshukuru kwa upole. Laure ni mwimbaji wa kwaya. Hawezi kujua.

Mimi nina mpango. Mashine ya ngoma! Haichelewi, haili, haihamii Bendera.

Jumanne, tarehe 3

Mashine mpya siiwezi hata kwa ndoto. Natafuta iliyotumika. Nimekwenda kwa Papa Anatole, aliyepiga kinanda parokiani mpaka vidole vikakataa. Anatoa yake. Ndogo kama kitabu cha misa! Rangi ya kijivu.

Ameniambia anayepiga mbele ya watu asihesabu sauti. Atazame kama mashine inakumbuka ritimu zake, yaani mapigo uliyoifundisha, umeme ukikatika. Kama ina tundu la pedali, ili mikono ibaki kwenye gitaa. Na kama vitufe vinabonyezeka vizuri. Ya kwake ina yote hayo. Amepiga rumba kidogo, na mabega yangu yakaanza kucheza bila ruhusa.

Anataka baiskeli yangu, basi. Lakini kitu kidogo hivyo! Papa Florent atakiona wapi? Glody atasema nimekuja na redio ya shambani. Nimemwambia nitafikiri.

Jumatano, tarehe 4

Nimefikiri. Mama Pascasie, anayeleta vitenge kutoka Kigoma, ana mashine ndani ya depo yake ya mizigo. Kubwa! Taa nyekundu, za kijani, za buluu, zinafukuzana. Mbele imeandikwa: sauti mia mbili.

Nimemwuliza kama inakumbuka ritimu zake. "Papa Kyungu, miye nauzisha vitenge," amenijibu. "Hii ilikuja ndani ya mzigo. Wewe njo muntu wa kwanza kuniuliza."

Mama mkweli. Nimempenda. Tundu la pedali lipo, ila lina kitu ndani, nadhani karanga. Baiskeli ameikubali, ile tunayobebea unga. Nimerudi kwa miguu, mashine kichwani. Sokoni watu wengi wamesalimia. Wameisalimia mashine.

Laure ameizunguka mara mbili, kisha akaniita kwa jina la binti yetu, kama kawaida yake. "Papa Monique, na gunia la unga tutabeba na hizi taa?"

Nimemweleza mambo ya sanaa. Ameendelea kuchambua mboga.

Ijumaa, tarehe 6

Nimeifundisha ritimu tano. Nzuri sana! Kasoro moja ndogo: ukiizima inasahau kila kitu. Ukiiwasha tena inaanza disko ya kiwandani kwao, ya mbio, na katikati jogoo analia. Jogoo! Kumbe naye ni mmoja wa zile sauti mia mbili. Kitufe cha kusimamisha nacho kinataka kubembelezwa.

Nimepata dawa. Nitaifundisha kule kule kwenye terasi, kisha nisiizime kabisa. Papa Anatole hakuwaza hilo, pamoja na uzoefu wake wote.

Jumapili, tarehe 8

Niandike nini?

Jana Glody alianza. Alipiga vizuri, sisemi zaidi.

Kisha mimi. Nyimbo tatu zimekwenda sawa, taa zinafukuzana, watu wanaonyeshana mashine kwa vidole. Kwenye wimbo wa nne wamesimama kucheza. Nikasogea mbele, nami nitupe miguu kidogo, nina mtindo wangu. Mara kimya! Taa za mashine zimekufa.

Nikajua mara moja: Delphin! Huko Bendera amenikatia umeme kwa wivu. Bahati mbaya nilisema hivyo ndani ya mikro, wote wakasikia. Papa Florent akanionyesha balbu juu. Zinawaka. Friji zinanguruma. Halafu akanionyesha mguu wangu. Waya ulikuwa umejizungusha kwenye kiatu.

Nimechomeka tena. Disko! Jogoo! Nimebonyeza kitufe cha kusimamisha, kikazama ndani na hakikurudi. Nikatumia mikono miwili, gitaa likaning'inia shingoni. Jogoo tena. Terasi nzima inacheka. Glody alivua miwani ili aone vizuri.

Nilitazama ziwa. Nilifikiri: nikishuka ngazi zile polepole, nani ataniona? Macho yalinichoma, na haukuwa upepo.

Ndipo Laure alipotoka nyuma kwenye meza ya kwaya yake. Akachomoa waya. Akakaa juu ya kreti, akaokota chupa tupu na uma. Akaanza kugonga, polepole, kavu, pale pale moyo unapotaka.

"Papa Monique," akasema bila kunitazama, "piga."

Nikapiga. Akaimba. Sijui tulipiga nyimbo ngapi. Hata wapishi walitoka jikoni wakacheza.

Papa Florent ametoa nafasi. Amempa Mama Laure. Mume wake anaweza kuja na gitaa, amesema, lakini yule jogoo abaki nyumbani.

Jumatatu, tarehe 9

Delphin amepiga simu. Habari ya umeme imefika Bendera kabla yangu. Nilimwomba msamaha. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniuliza kama kweli niko salama. Kule hana wa kupiga naye, amesema.

Jumanne, tarehe 10

Nimetafakari sana. Sasa naelewa kosa lilikuwa wapi. Watu hawataki taa. Watu wanataka chupa!

Lakini Laure ni binadamu, mkono utachoka. Na leo bandarini nimekutana na Chérubin, mtu wa Mpala, ana mashine nyingine iliyotumika. Ina sauti za chupa peke yake, aina saba, ya bia mpaka ya soda! Sijaisikia, maana adapta imepotea, lakini ameniigizia zote kwa mdomo. Safi kabisa.

Baiskeli sina tena. Chérubin si mtu mgumu, ameniambia atapokea gitaa.

Nitalipeleka kesho asubuhi, Laure akiwa sokoni. Atafurahi sana.