Harusi Iliyokwama Njiani

Jumatatu, 4 Machi

Kompyuta mpya imefika studio. Nyembamba, kimya. Ile ya zamani inaunguruma kama mashine ya kusaga. Mama Mkubwa, dada yake mama na mwenye studio, ametangaza kwamba atakayehamishia video zote kwenye mpya ataichukua ya zamani iwe yake. Nikajitolea kabla hajafunga mdomo. Msomi, anayehariri video meza ya pili, akauliza kama najua ninachofanya. Anapenda sana kuuliza. Nikamwambia nitamaliza kabla ya chai.

Sikuchagua kunakili. Nimechagua kuhamisha, ili ya zamani ibaki tupu, tayari kwa safari ya kwangu. Natuma kwa hewa, bila waya. Waya ni mambo ya kale. Nimeanza na video ya harusi tuliyoirekodi mwezi jana, kubwa kuliko zote. Kompyuta inasema zimebaki siku kumi na moja. Chai imepita.

Jumanne, 5 Machi

Babu wa bibi harusi amefariki. Mama Mkubwa kapokea simu mwenyewe. Kwenye video ile babu alisimama akambariki mjukuu wake, na hakuna kwingine sauti yake ilikorekodiwa. Familia nzima inakuja Jumamosi kuisikia. Mama Mkubwa akaniuliza imefika wapi. Nikasema iko njiani.

Hila: kidole kimoja hakivunji chawa. Nikaanzisha video nyingine nne kwa mpigo, zisaidiane kusukuma. Sasa ni siku ishirini na sita. Nimefunika skrini kwa kitambaa. Msomi kauliza kwa nini. Nikasema vumbi.

Jumatano, 6 Machi

Adui kajulikana. Watu wanakula kasi yangu! Msomi anatazama mpira, Mama Mkubwa anaongea na dada zake kwa video. Nikaichukua ruta, kile kisanduku kinachorusha intaneti, nikaifungia kwenye kabati la chuma. Ufunguo mfukoni. Intaneti ikakatika kwa wote, na mimi nikiwemo.

Uhamishaji umekufa katikati. Kwenye kompyuta mpya faili la harusi lipo, nikalifungua. Giza. Hakuna bibi harusi, hakuna babu, hata keki hakuna. Nilichagua kuhamisha, maana yake kule kwenye ya zamani kumebaki patupu. Sikuthubutu kufunua kitambaa niangalie. Nikaizima, nikaondoka bila kuaga. Nimemzika yule mzee mara ya pili.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimpigia Mama Mkubwa kusema naumwa jino. Akajibu kwamba jino halishiki kipanya, niende kazini. Nikaenda. Naogopa hata kivuli changu.

Nilipata wazo la kuigiza sauti ya babu na kuipachika. Nikajifungia chooni kujaribu: nikakohoa kizee, nikambariki mjukuu. Msomi akabisha mlango, akauliza kama niitiwe daktari. Huko nje Mama Mkubwa anahangaika na intaneti, anataka kumwita fundi. Kila akipita karibu na kabati, ninaacha kupumua.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Mkubwa kaitaka video aione mwenyewe kwanza. Nikasema yote, isipokuwa la ufunguo. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikaa kitini akasema taratibu kwamba amemwapia mama wa bibi harusi, na sasa hajui atamtazama kwa uso gani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Msomi akaiwasha ya zamani. Video ipo, nzima! Akaeleza, kwa sauti ya kuhutubia, kwamba kompyuta haifuti kitu mpaka upande wa pili ukipokee chote, na kwamba ina busara kuliko mtu aliyeikalia. Akachomeka waya mmoja, mashine kwa mashine, akanakili. Kazi ikaisha chai haijapoa. Anatamba hadi sasa. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Kisha nikairudisha ruta mahali pake. Fundi alipofika alikuta intaneti inafanya kazi, akapokea sifa bila kuuliza.

Jumamosi, 9 Machi

Studio ilijaa. Babu akasimama kwenye skrini, akakohoa, akamwambia mjukuu wake asikubali kulala na hasira. Mjane wake aliinuka akaigusa skrini kwa kiganja, akasimama hapo mpaka video ikaisha. Hakuna aliyemwambia akae.

Nikatoka nje kupumua. Baba wa bibi harusi akanifuata, macho mekundu, akauliza ni nani aliyeitunza sauti ya baba yake. Msomi alikuwa ndani akipanga viti. Nikasema ni wajibu wetu. Akanishika mkono. Akasema anasimamia hospitali, na huko wana kompyuta kuukuu iliyojaa picha za eksirei za wagonjwa, zinatakiwa kwenye mpya. Moyo ulinienda mbio. Mdomo haukusubiri moyo.

Naanza Jumatatu. Nimemshauri tusinakili, tuhamishe, maana kuacha nakala kule ni kujaza nafasi bure. Amesema ni nadra siku hizi kumpata kijana anayejiamini.